Kikohozi cha Dakika ya Nne

Hatuulizani habari za watoto.
Kila Alhamisi, fundi Sauli akishafunga nusu ya mlango,
vumbi la Chang'ombe likabaki nje na wenyewe,
swali ni moja tu:
wiki hii, nini masikioni?

Damari hutangulia, hana subira.
Zamu za usiku Mirembe zimemfundisha
kusikiliza kwa sauti ndogo:
kinanda peke yake, mkono wa kushoto ukitembea
kama mgonjwa asiyetaka kuamsha wodi.
"Nimekirudia mara sita," anasema,
"na bado sijui kinakwenda wapi."

Lazaro wa Hombolo ana mizabibu na ana ubishi.
Yeye ni simfonia, na simfonia iwe ya mbio.
Ukimwekea ya polepole anatazama saa,
anasema huyu kiongozi wa okestra hajawahi kuwahi mvua.
"Na wewe hujawahi kungoja zabibu ziive?" Sauli humjibu,
na hapo chai hupoa wakigombania
watu themanini waliopiga vyombo
kabla mama zetu hawajazaliwa,
katika mji ambao hatutafika.

Mimi karani wa ardhi. Nasikilizia kwenye simu, sikio moja,
jingine nimewaachia wenye viwanja.
Wiki hii: fidla mbili, viola na selo,
wamekaa kama kikao cha mirathi,
kila mmoja ana lake, na hakuna anayeinuka.

Lakini santuri yetu sote ni ile ya Kongwa.
Waingereza walikuja kulima karanga,
karanga zikakataa, wakaondoka,
wakaacha vyuma vya matrekta na sanduku moja.
Wengine walikimbilia vyuma.
Babu yake Sauli akabeba sanduku.
Selo na okestra. Jalada lililiwa na mchwa,
jina la mpigaji limebaki herufi tatu.
Na kwenye dakika ya nne, karibu na kugeuza upande,
selo inaposhuka, inashuka, inataka kugusa chini,
mtu ukumbini anakohoa.

Tulimchukia mwaka mzima.
Kisha tukampa jina: Bwana Kifua.
Siku moja Lazaro alileta rekodi mpya,
muziki uleule, safi kama sahani ya mgeni.
Dakika ya nne ikaja, ikapita.
Tukatazamana.
Pale palikuwa na tundu.

Hezroni, aliyezipungia treni bendera Kikombo
miaka thelathini na mmoja,
majuma mengi sasa ana jibu moja: Kongwa.
Wiki hii? Kongwa. Na wiki hii? Kongwa tena.
Mwezi uliopita ndipo akatueleza.
Kwanza zilimtoka filimbi.
Kisha fidla, zile za juu, moja moja,
kama mabehewa yanayokatwa stesheni.
"Nimebaki na injini," akasema.
Hakutaka pole. Alitaka kujua
kama sisi bado tunazisikia.
Tunazisikia, Damari akamwambia, kwa nguvu.
"Basi zipo."

Jana Sauli alimsogezea kigoda mpaka kwenye spika.
Hezroni akaweka kiganja juu ya mbao
kama anayepima homa ya ndama.
Umeme ulituheshimu.
Selo ikaanza kushuka, naye akafumba macho.
"Amekohoa?"
Bado.
Upepo ukatikisa bati. Gari la maji likapita likipiga honi,
tukalilaani kimoyomoyo.
"Amekohoa?"
Bado, mzee.
Lazaro, yule mwenye haraka zake,
akainua kidole,
akakiacha hewani, akangoja,
akangoja,
kisha akamgonga begani, polepole,
mara moja.