Kitovu Wazi

Urefu: milimita mbili na robo.
Upana: moja na kidogo. Hiyo "kidogo"
imenila juma zima.
Gamba jeupe, lapenya mwanga, umbo la pia
iliyochoka kuzunguka. Mizunguko minne na nusu,
mishono imezama, mdomo wa mviringo.
Macho: hana.
Nimeandika hana, nikafuta, nikaandika tena,
maana huko atokako, chini ya mlima,
jicho ni mzigo tu.

Miaka sita nilikuwa na maiti zake:
magamba manne, matupu, ndani ya kikopo cha filamu,
niliyoyachekecha Ain Dhibyan, juu ya Al Awabi,
na barua ya wakubwa wa jarida:
gamba si mnyama, tuletee nyama.

Basi nikawa mgeni wa zamu za usiku.
Sulayyim bin Muhanna, arifu wa falaji,
hupima maji kwa simu siku hizi
(babaye alipima kwa nyota).
Akaniachia mdomo wa chemchemi
baada ya fungu la Bi Ghaniya, kabla ya mitende ya msikiti.
Nikaufunga kwa soksi ndefu ya nailoni,
rangi ya chai ya maziwa. Muuza duka wa Rustaq
alinitazama mara mbili.

Usiku wa kumi na tisa: mchanga,
mguu wa mende, mbegu ya tini,
na punje moja ya mchanga
ikaamua kutembea.
Sikupiga ukelele. Nilisema, kwa Kiswahili
cha jikoni kwa mama, "Kumbe weye!"
Sulayyim akadhani nimeng'atwa.

Bibi yangu wa Wete alitutegea:
nyumba yangu haina mlango. Tukajibu: yai.
Konokono huyu, bibi, nyumba yake inao,
mwembamba kama ganda la kitunguu;
akiudhika huufunga, dunia ikabaki nje.
Nami ili nimweleze, sharti aufungue.
Nikamtilia chembe ya mentoli,
ile ile tuliyopakwa kifuani tukiwa na mafua.
Akalegea. Akatoka. Akanyoosha pembe mbili
kwa kuniamini, au kwa kulewa, sijui.
Kisha spiriti.
Saba walikufa hivyo ili niandike: yupo.

Kuna neno kwenye orodha ya maelezo
lililonisimamisha kalamu.
Lile tundu la chini, katikati ya mzunguko,
wataalamu huliita kitovu.
Andika: chembamba au kipana, kimefunga au wazi.
Cha bibi kimezikwa Wete,
chini ya mkarafuu ambao sasa ni wa watu wengine.
Cha mama, hakuna akumbukaye.
Changu labda kiliishia kwenye ndoo ya hospitali, Maskati.
Watu huniuliza kwenu wapi,
nami hutaja mji kwa kumtazama muulizaji.
Huyu hakuzika popote. Anatembea nacho.
Nikaandika: wazi.

Jina lilipotoka, Sulayyim alitaka kulisikia.
Nikalisoma kwa Kilatini chake.
Akalizungusha mdomoni kama kokwa ya tende.
"Refu kuliko mwenyewe," akasema.
Halafu: "Alikuwako kabla ya falaji?"
Kabla ya aliyechimba falaji, nikajibu, na babu wa babu yake.
"Na hajawahi kuandikiwa fungu?"

Kwao hapa athari ni nusu saa ya maji.
Sisi tuliolelewa na ulimi mwingine
twaliita hivyo lile libakilo
jambo likishapita.

Akafungua daftari la maji, kurasa zanuka majivu na ndimu kavu.
Kati ya Bi Ghaniya na msikiti
palikuwa na mstari mtupu, sijui tangu lini.
Akaandika kwa wino wa bluu: robo athari.
Haiuzwi, haikodishwi.
Kisha akainua kalamu:
mwenye fungu aandikwe nani, bin nani?

Pale, nikamwambia,
acha wazi.