Kikombe, Si Koni

Baba hudai nilizaliwa mbele ya tanuri.
Mama hukanusha.
Ila kibao cha duka letu Kibokoni hakina ubishi:
MKATE WA BADI, MOTO KILA ALFAJIRI.
Nimekua na unga kwenye nyusi.
Shuleni waliniita Boflo, nami nikaitika.

Basi fikirini uso wake
siku Daktari Nilufa alipotugeuzia karatasi
akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei:
"Ngano basi. Na shayiri. Maisha."

Miaka kumi na minane tumbo likinisokota
tukailaumu pilipili,
tukalilaumu jicho la jirani,
tukanywa kombe, tukapaka habasoda;
kumbe adui tulikuwa tukimkanda wenyewe
usiku wa manane,
tukimpa hamira afure.

Jumamosi, saa nane. Jua limenikalia utosini
kama mdai.
Makadara nzima watu wanalamba.
Ngowa na baiskeli yake ya sanduku jeupe
anagonga kengele kama mwenye habari njema.

Nipe ya embe. Kwenye kikombe.
"Koni ni bure, dada."
Najua. Koni ni ngano.
"Hii? Hii si karatasi tu ya kutafuna!"
Akacheka, foleni ikacheka,
na mimi nikacheka,
maana mwenye ugonjwa usioonekana
hujifunza kucheka mapema.

Kisha nikakiona kijiko chake:
ukingoni kimenasa chembe za koni,
ndogo, za dhahabu, kama vumbi la msumeno.
Chembe moja.
Siku tatu kitandani.
Nikalipa, nikampa mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

Wiki ya pili nilirudi na kikombe changu,
kijiko changu, na haya zangu.
Wiki ya tatu na kikombe na kijiko.
Wiki ya nne Ngowa aliniona kwa mbali,
akanawa, akafungua kopo jipya
na kuwaambia waliotangulia:
"Ngojeni. Huyu kwanza, kabla sijalichafua."

Sikujua kuwa baridi ina ladha zote hizi.
Barafu ya ukwaju ya Mama Zuena, pale Kuze,
inayokaza shavu mpaka sikioni.
Ya ubuyu, inayokuachia ulimi mwekundu
hata ukikana hukununua.
Maziwa mazito ya zafarani, yamegandia kijitini.
Faluda sigusi mpaka niambiwe tambi zake ni za nini,
na anayeuliza sana
huhudumiwa mwisho.

Baba mwezi mzima hakusema neno.
Alioka. Aliuza. Alipokula mkate alinipa mgongo,
kama mtu anayevuta sigara kwa siri.

Halafu usiku mmoja: "Hebu ndoo hapa."
Juu ya jokofu, mbali na meza ya kukandia,
vibati sita, bei bado zimebandikwa.
"Vya Marikiti hivi. Havijaonja unga."
Ndani tui la nazi, ndizi za kisukari, hiliki,
vimeganda vigumu, vinafuka moshi mweupe.
Vidole vyake, vilivyozoea kugeuza mikate motoni,
vilikuwa vimekufa ganzi.
"Baridi ina maringo," akalalamika.
"Haina harufu ya kukwambia imewiva."

Nilikuwa na la kumwambia.
Stima ikapotea.

"Haya, kuleni, kabla halijawa uji!"
Tukawagongea majirani, wakaja na vijiko,
na tochi za simu, na watoto wa kuazima.
Mimi nilianza kwanza, kwa amri.
Utamu ulinishika meno, ukanishika paji la uso,
nikafumba macho ingawa giza lilitosha.

Ndipo Famau, mtoto wa ghorofa ya juu,
akatokea mlangoni na nusu boflo mkononi,
tayari kuchovya.
"We! Na mkate wako, nje!"
akanguruma Badi, mwokaji wa miaka thelathini na mitano,
akiufukuza gizani
mkate alioutoa mwenyewe tanurini asubuhi ile.