Kasi ya Salamu

Lusajo aliniandikia kwenye daftari la mizani ya viazi,
chini ya madeni ya magunia:
wiki kumi na sita, polepole.
Mapigo yasizidi mia na arobaini.
Saa ikifa betri, tumia mdomo:
ukishindwa kumsalimu mtu mpaka salamu ikaisha,
umekimbia kuliko kifua chako.

Kule uwanjani Sokoine kundi la Sanga linakata duara,
mia nne, pumzika, mia nne, pumzika,
filimbi inawaswaga kama maksai wa jembe.
Nilikwenda siku mbili.
Siku ya pili nilitapika chai karibu na goli
na wakanipigia makofi.
Mdogo wangu Lusajo ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote pale,
mwaka juzi. Leo anashuka ngazi kwa ubavu,
kano ya kisigino imefura kama kiazi kilichochipua.
Hakunishauri. Aliandika tu, akanisukumia daftari.

Basi nikachagua uzembe. Ndivyo walivyouita.

Alfajiri ya Juni, Uyole, baridi inang'ata masikio,
umande umeganda juu ya majani ya viazi
mweupe kama chumvi iliyomwagika.
Nashika barabara ya kupanda Isyonje,
nakimbia kama mtu mwenye ndoo ya maziwa kichwani.
Ananipita kijana anayesukuma guta.
Wananipita wanafunzi waliochelewa namba, wanacheka.
Ananipita mbwa, anarudi kunitazama, ananipita tena.
Mwenye pikipiki ya madumu akapunguza mwendo:
"Dada, ni mazoezi, au umedondosha kitu?"

Nimedondosha. Kiburi, labda.
Nilikisikia kikibiringika kuelekea Igawilo.

Hakuna aliyeniambia kwamba polepole ni ngumu.
Miguu ni watoto waliokaa karibu na sufuria.
Kuna asubuhi mteremko wa kurudi uliniita kwa jina,
nikauitika,
mapigo mia na hamsini na nane, upepo, raha tupu,
nikampita mtu bila kumsalimu
na mtu mwenyewe ni mama mkwe.
Habari zilifika nyumbani kabla yangu.

Jioni Lusajo akaweka vidole viwili shingoni mwangu,
akanyamaza, akahesabu.
"Umewahi kuona tanuri la tofali," akasema,
"likipewa moto mkali siku ya kwanza?"
Nimeona. Nyuma ya depo yetu kuna rundo la vipande,
hata kuku hawataki kulala humo.
Kisha akafunika mguu wake kwa kanga ya mama
na akaomba redio iongezwe sauti.

Wiki ya tano, hakuna kilichobadilika.
Wiki ya sita, hakuna.
Ya saba nililia kidogo, kwa kasi inayoruhusiwa.
Sanga alinikuta sokoni akaniuliza
kama nimeacha.

Halafu, sijui siku gani hasa,
mapigo yaleyale, mia na thelathini na nane,
nikafika Isyonje maziwa hayajapimwa bado.
Mwenye pikipiki alikuwa anafunga madumu.
Alinitazama, akatazama barabara, akatazama saa yake,
akaitikisa.

Leo ni wiki ya kumi na moja.
Mbio zenyewe ziko mbali, sijui zitanipokeaje,
kilomita ya thelathini na tano haijui daftari la mtu.
Lakini asubuhi hii, pale mlima unapokaza,
Mama Subilaga aliinuka katikati ya pareto,
kikapu kiunoni, akaanza:
Umeamkaje? Watoto? Viazi vimetoka?
Na mguu wa Lusajo, unakanyaga?
Nikajibu moja moja, sikukata neno hata moja,
na nilipogeuka, kona ya mikaratusi ilikuwa nyuma yangu
na yeye bado anauliza, kwa sauti ya kuvuka bonde,
na ng'ombe je, wameshiba?

Wameshiba, nikaitikia.

Sina ng'ombe.