Kauli ya Kutendeka

Ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la miwani,
napiga chapa vita vya mtu mwingine.
Shilingi hamsini kwa ukurasa, chai juu yangu.
Jenerali Pitya Lokudu hufika saa mbili na nusu,
koti la Julai limefungwa hadi kooni.
Hugeuza kiti kwanza, kitazame mlango,
ndipo aseme: Bi Khasandi, tuendelee.

Jana tulivuka milima ya Lomirai.
Bakuli la sukari lilikuwa mji,
rula yangu daraja, vibanio vya karatasi askari,
na kidole chake chenye ukucha uliokufa
kikapita nyuma ya thermosi usiku, bila taa,
kikatokea pale ambapo adui hakuweka hata mbwa.
Nilisahau kupiga chapa.
Nakiri: nilitaka ashinde.

Anajua kila kitu kwa idadi.
Punda mia moja na arobaini. Magunia ya mtama.
Viatu, na vingapi vilikuja vya mguu wa kushoto mitupu.
"Jeshi halirudi nyuma kwa woga," aliniambia.
"Hurudi kwa malengelenge."
Hilo nililipigia mstari.

Lakini mimi nilifunzwa Kiswahili na Mwalimu Kwamboka,
darasa la sita, Kariokor,
aliyesimama mbele yetu na kikombe cha ofisini,
vipande viwili mkononi, akauliza nani.
"Kimevunjika, Mwalimu," tukaitika kwa pamoja.
"Kimevunjika! Kilipanda rafuni chenyewe, kikajirusha?"
Tukapiga magoti hadi kengele ya mchana
tukinyambua vitenzi:
vunja, vunjika. Kata, katika.
Poteza, potea.

Ndiyo maana tulipofika Daraja la Nakorit
vidole viliniwia vizito.
"Andika," akasema. "Kikosi cha Tatu kilibaki ng'ambo.
Daraja lilivunjika. Mawasiliano yalikatika.
Vijana kadhaa walipotea."
Nikaandika. Akaniambia nifute *kadhaa*.
Niweke nini? Acha pengo.

Halafu akasimulia, si kwa ajili ya kitabu,
akitazama chini wauza mitumba wanavyokaza kamba za robota:
redioni alikuwamo Kapteni Lofulo, mtoto wa kasisi,
aliyepiga chafya kila mvua ilipokaribia.
"Tunasubiri, Afande." Kila robo saa.
"Tunasubiri."
Hata chafya ilisikika.
Mji ukaanguka alfajiri, kutoka upande wa pili,
na usiku ule, anasema, hufundishwa vyuoni
kwa mishale myekundu.

"Na redio?"
"Betri," akasema. "Nilihitaji betri."

Tukairudia sentensi.
Nikaipiga, nikamsomea kama desturi yetu:
"Daraja lilivunjika. Mawasiliano niliyakata."

Akageuka taratibu,
mara ya kwanza mgongo wake ukaelekea mlango.
"Hiyo *ni* umeitoa wapi?"
Jibu nilikuwa nalo, zima, limekaa ulimini.
Lakini kodi ni tarehe tano,
na jenerali, hata aliyestaafu, ana namna ya kungoja.
"Kidole kimeteleza, Mzee."

Kimeteleza. Mimi, wa magoti yale.

Sijui kama alicheka; ilikuwa pumzi tu puani.
Akachukua kofia.
"Iache mpaka kesho."

Kesho hakuja.
Ijumaa akamtuma kijana na bahasha,
hesabu kamili hadi shilingi ya mwisho, bila barua.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili bado u wazi kwenye skrini,
nafsi ya kwanza, umoja,
na kando yake kishale kinawaka, kinazimika, kinawaka.
Sijauhifadhi.
Huku Ngara stima hupotea usiku,
hupotea tu,
husikii nani kazizima.