Kipande cha Nne

Umeme ulikatika kabla ya saa nne asubuhi
na kompyuta sita za chuo, kule Mkomani,
zikageuka vioo. Tukajitazama nyuso.

Mwalimu Zuhura hakumlaumu mtu.
Alichukua karatasi, akamwandikia mamake barua,
akaikata kwa makasi vipande saba,
kila kimoja akakitia nambari mgongoni
na juu yake: Kutoka Zuhura, darasani.
Kwenda kwa Bi Mwanaamina, Langoni,
nyumba ya mlango wa kijani uliobanduka rangi.
"Hizi ndizo pakiti," akasema. "Nanyi ndinyi waya."

Mbona asipewe mmoja akaipeleka yote?
"Na huyo mmoja akikwama?
Vichochoro vyetu mwavijua,
punda wawili wenye mchanga hawapishani."

Lali akawekwa kwenye njia panda, nyuma ya msikiti.
Hakuijua barua. Hakumjua Bi Mwanaamina.
Kazi yake kusoma anwani
na kunyoosha kidole kwenye kichochoro kinachofuata.
"Usifungue. Usiulize mna nini. Elekeza."

Na mlangoni hatusukumizi karatasi:
Hodi.
Karibu, ni nani?
Ni mimi, naingia.
Mpaka hayo matatu yatimie, mzigo haushuki begani.

Mimi nilipewa cha nne,
kikaratasi upana wa ukucha, herufi tatu tu:
usi.

Njia niliyozoea ilizibwa na mawe ya matumbawe,
nyumba ya watu ilikuwa inakarabatiwa.
Lali akanizungushia upande wa chini
na huko, mbele ya karai la bajia, shangazi Khola:
"Famau! Ndoo, mwanangu, nishikie sinia hii."
Nikashika. Sinia moja ikazaa tatu.

Langoni, Bi Mwanaamina alivipanga vipande mkekani,
akavikandamiza kwa kokwa za tende, upepo usivichukue.
Akasoma:
Mama,
leo nitachelewa
kurudi nyumbani,
ningoje
na chakula.
Zuhura.

Sentensi nzima, haina kilema.
Hata mufti wa sarufi angeipitisha.
Lakini aligeuza migongo, akahesabu kwa kidole:
moja, mbili, tatu,
tano.

Akamtuma Shekue mbio: "Cha nne sijakiona."
Mwalimu hakuuliza Famau yuko wapi wala kafanya nini.
Alikuwa na nakala. Akaandika upya zile herufi tatu,
akampa mwingine, kwa njia nyingine.

Mimi nilifika alasiri, vidole vimelowa mafuta,
usi yangu imekuwa kama kioo, waona upande wa pili.
Nikapiga hodi zangu zote.
Bi Mwanaamina akaitazama, akanitazama.
"Cha nne? Ninacho tayari."
Akakiweka kando, pamoja na kokwa zilizobaki.

Siku hizi kuvuta waya ndiyo kazi yangu.
Natoboa kuta za kale, nene kama urefu wa mkono,
kuta zinazomeza mawimbi, chumba hiki wapata, kile hupati.
Watu hunipigia: "Famau, mtandao umekufa."
Mara nyingi haujafa. Ni kitu kidogo kimekaa mahali,
kimeshikishwa sinia.
Nikiiona hesabu ya pakiti zilizopotea
vidole vyangu hunuka bajia.

Nilisahau kusema.
Kesho yake, umeme umerudi, mashine zinanguruma,
tukamuuliza Mwalimu kama barua ilifika salama.
Ilifika nzima, akasema, vipande saba, kwa mpango wake.
Na nyumbani alirudi saa ngapi?
Baada ya isha. Akamkuta mamake amekaa barazani,
wali umefunikwa kawa, hajaonja hata tonge.

"Kwani hakuisoma?"

"Aliisoma," akasema,
akageuka, akafuta ubao.