Bibo, Bibo, Korosho

Duka lilikuwa na mlango mmoja na harufu mbili:
risasi inayoyeyuka, na tumbaku ya fundi Mkwavila.
Nilifika nina miaka kumi na mitatu, kubeba maji tu,
maana Newala maji hubebwa,
nikabaki kubeba kila kitu kingine.

Rangi za rezista alinifundisha hivi:
Nyeusi ni sufuri, sufuria ya mama yako.
Kahawia ni moja, korosho moja ghafi.
Nyekundu ni mbili, bibo limeiva.
Chungwa ni tatu, usiulize kwa nini.
Kwenye zambarau nilikwama.
"Saba," akasema, "kama siku utakazolala njaa
ukiniunguzia tena transista."

Msimu wa korosho watu walikuja na noti zenye utomvu,
vidole vimebabuka,
redio zimefungwa kwenye khanga kama watoto wagonjwa.
"Inakohoa." "Inaongea Kireno tu."
Naye huifungua, huwapuliza mende,
huirudisha kwenye Kiswahili.

Vitu vilipoadimika, betri tulizianika paani kama makopa,
tukachuna redio iliyokufa
ili nyingine ifike taarifa ya habari ya saa mbili.

Usiku alikuwa na kazi nyingine.
Waya ulitoka dirishani, ukakwea mkorosho wa jirani,
ukaelekea Shimo la Mungu
ambako ardhi inakatika ghafla
na Ruvuma, kule chini, ni uzi.
Kistari, nukta, kistari, nukta.
Yupo mtu? Yupo mtu?
Mara nyingi hayupo. Mvumo tu, kama mafuta kikaangoni.
Usiku mmoja akajibu mtu wa nchi ya theluji,
akauliza hali ya hewa.
Fundi akanigeukia, furaha imemvuruga:
"Nimwambie nini?"
Mwambie upepo, nikasema.
Akagonga upepo, herufi kwa herufi,
na nje upepo wenyewe ukatingisha bati.

Mgambo wakaja kuuliza waya ule unaongea na nani.
"Na yeyote," akajibu.
Jibu baya.
Mtambo ulirudi baada ya miezi mitano, hauna koili.
Aliugeuza, akautazama chini, hakusema neno.
Akaweka birika la chai juu yake,
na hapo birika likakaa mpaka tulipomzika.

Sasa duka ni langu.
Nauza chaja, kava, vioo vya kubandika,
kadi ndogo kuliko ukucha zenye nyimbo elfu.
Redio ikifa hailetwi; mpya ni bei ya kuku.
Sifungui kitu siku hizi. Nabadilisha.
Sisemi zamani palikuwa pazuri, nilikuwepo,
foleni ya sabuni ninaikumbuka.
Ila rafu ya juu zipo redio kumi na moja
zenye vikaratasi kwa mwandiko wake:
Bi Nampunju, inakwaruza.
Mwalimu Chitanda, usiku haishiki.
Likwati, atarudi Jumatano.
Hakusema Jumatano ipi.

Juzi kaja Somoe wa kidato cha pili, sare ina vumbi,
mkononi taa ya sola iliyopasuliwa tumbo.
"Una rezista? Ya omu mia mbili na ishirini."
"Nani kakwambia mia mbili na ishirini?"
"Nimepiga hesabu."

Droo ilikuwa imevimba kwa masika mengi.
Niliivuta mguu mmoja ukutani,
ikatoka yote, na mende, na kopo la maziwa
ambalo ndani yake hakuna aliyetia mkono
tangu birika lilipopoa.
Nikavaa miwani, nikakaiweka kamoja mlangoni, kwenye mwanga:
bibo, bibo, korosho.

"Umesemaje?"
Nikarudia.
Akacheka, akakashika kwa ncha za kucha. "Bei gani?"
Sikumbuki kama kaliwahi kuwa na bei.
Nikamwambia ashike droo upande ule,
maana peke yangu hairudi.