Vifungo

Koti la baba lilikuwa na vifungo vitano vya shaba,
kila kimoja na herufi za reli,
na kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuvisugua
kwa majivu na limau mpaka niione pua yangu ndani yake,
pana kama ya ng'ombe.

Tuliishi kota za reli, Moshi, chumba na sebule,
ukuta mmoja na Mzee Odipo, dereva wa treni.
Akikohoa, ni saa kumi na moja alfajiri.
Hatukununua saa mpaka alipoondoka.
Binti yake, Akeyo, alinifundisha kuhesabu Kijaluo
mpaka tano. Sita tuliahirisha,
tukaenda kuruka kamba.

Mwaka wa njaa tulikula unga wa njano,
mtaa mzima ukauita unga wa Yanga.
Kaka Kundaeli, Simba wa damu, akagoma kula.
Jioni alikula.
Alikula na ukoko.

Bibi, kule Mbokomu, aliingia kisomo,
akajua kuandika Ndeanasia.
Akaliandika kwa mkaa mlangoni, kwenye mtungi,
kwenye ubavu wa kitanda,
akaliandika hata kwenye mkungu wa ndizi,
jina likashuka mlima kichwani kwa mtu,
likauzwa Mbuyuni kwa shilingi nne.

Kundaeli alishonesha bugaluu.
Ilifagia vumbi kutoka stesheni hadi kwetu.
Mama akasema: afadhali,
humu ndani kuna mmoja anayefagia.

Kisha sabini na saba.
Treni ya Voi haikuja. Kesho yake haikuja.
Baba alivaa koti, akafunga vifungo vyote,
akaenda kukaa kwenye benchi la stesheni
na jioni akarudi amechoka
kama mtu aliyefanya kazi.
Mpaka umefungwa, alisema.
Mama, akichambua mchicha: umefungwa na nini?
Kwani mpaka una mlango?

Kwa Mzee Odipo walifunga magodoro kwa kamba ya katani,
wakafunga kuku miguu,
wakafunga redio ndani ya kanga mbili.
Nilichukua wembe,
nikakata kifungo cha chini kabisa,
kile kinachofichwa na mkanda,
nikamtilia Akeyo kiganjani.
Hakusema kitu. Alikitia mdomoni,
akapanda lori.

Jumamosi baba alihesabu: vinne.
Akanitazama.
Nikasema, kuku wa Mzee Odipo alikimeza.
Alikaa kimya kitambo kirefu.
Basi, akasema, kimevuka bila hati.

Ya baadaye nayakumbuka vipande vipande.
Foleni ya sukari tuliyoipanga kwa mawe,
kila nyumba na jiwe lake, sisi tukalale.
Letu lilikuwa na doa jeupe.
Asubuhi moja nikalikuta mtaroni,
na jiwe geni limekaa mahali pake.
Nililia kuliko nilivyomlilia Akeyo.
Sioni sababu ya kudanganya sasa.

Vita vikamchukua Kundaeli.
Bugaluu mama akaikata, zikatoka kaptula mbili.
Redio ikasema tufunge mkanda, miezi kumi na minane,
na baba, mtu wa kutii ratiba,
akatafuta msumari na nyundo
akatoboa tundu jipya, halafu jingine.
Kundaeli alirudi na viatu vya mtu mwingine.
Aliziona kaptula kwenye kamba,
hakuuliza.
Naye hatukumuuliza viatu ni vya nani.

Koti ninalo. Nondo wamelila mabegani.
Wajukuu hunishangaa nikisaka limau,
wanadhani ni la chai.
Achiel. Ariyo. Adek. Ang'wen.
Kidole kinafika penye uzi uliokatika,
na neno lipo, nalijua,
lakini silitamki.